Ngozi ya Mwajabu

Tangu sheria ianze kuwataka wafanyakazi wote wachomwe sindano ya kupunguza unene kila Jumatatu, ngozi ya Mwajabu ilikuwa ikiwaka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Hata kanga iliyochakaa ilimkwaruza. Kiwandani alivumilia, lakini nyumbani hakutaka mtu amguse.

Binti yake Tatu, aliyekuwa hata shule hajaanza, alisimama mlangoni kila jioni na kuuliza, "Mama, leo unagusika?"

"Bado, mwanangu."

Mwishowe Mwajabu alichoka. Aliacha sindano kimyakimya, akijua kwamba wakimpima tena watamfukuza kazi. Polepole ule moto ukapoa. Jumapili moja asubuhi alijipapasa mkono, asisikie maumivu yoyote. Akakaa kitandani na kumwita Tatu.

"Njoo nikupakate."

Mtoto alikuja, akasimama mbali kidogo na kitanda, mikono ameificha nyuma.

"Nimepona, mwanangu. Njoo."

Tatu alitikisa kichwa. "Nitakuumiza, mama," alisema, kisha akaketi sakafuni, pale pale alipozoea kukaa.

Mwajabu alibaki amenyoosha mikono mpaka ikachoka.