Ncha ya Nne ya Kipoyi

Miti ya machela, kipoyi cha wagonjwa, ililia kri, kri kwenye njia inayopanda Nyamitaba, kisha zikasikika pumzi za wabebaji. Evode akajibanza nyuma ya mlango. Jana alibeba mgonjwa tangu asubuhi hadi jioni, na shati lilikuwa bado limegandamana na mabega yaliyochubuka.

"Waambie siko," akamnong'oneza mkewe.

"Hayuko," mkewe akawaambia uani, macho chini.

"Mama, tuko watatu tu," mmoja akasema. "Wa ine ameteguka mguu, na huyu dada uchungu ulimushika tangu jana. Bwana yako iko wapi? Ao anaatamia mayai kama kuku?"

Wenzake wakacheka kichovu. Chini ya kitenge, ndani ya kipoyi, sauti ya mwanamke ikatoka polepole.

"Mumuache. Jana yeye njo alibeba mama yangu. Atakuwa amechoka."

Evode alimsikia akiyameza maumivu. Akalibandua shati begani, ngozi ikatoka nalo. Akatoka nje, asimtazame mtu, akainamia ile ncha ya nne.

"Dada," akasema, "sitakushusha chini mpaka tufike hospitali."