Vitawi Alivyovitupa Nguchiro

Uso niufiche wapi, aibu imenijaa,
Niliyaita makapi, kumbe ndiyo manufaa.

Nguchiro alipenda unadhifu. Kila stroberi-mwitu yake ilipotoa kitawi cha kutambaa, alikikata na kukitupa.

"Mzee, hao ndio watoto wa mmea wako," alisema Panya Buku.

"Basi walee wewe, mla takataka!"

Panya akaviokota vitawi, akavifukia ng'ambo ya kijito, vikaota mizizi. Baada ya misimu mitatu mimea ya Nguchiro ilizeeka, ikafa yote. Mwanawe akaanza kuharisha, na dawa waliyoijua ni majani ya stroberi yaliyochemshwa. Nguchiro akavuka kijito, ameinamisha kichwa.

"Ndugu yangu, nigawie... zile takataka."

"Chukua, Mzee. Mtoto kwanza."

Mtoto alipona. Stroberi zilipoiva, Panya aliwaalika wanyama wote. Waliketi wakala, Nguchiro peke yake alibaki amesimama kando, aibu imemjaa.