Vijiti Viwili vya Pamba

Vijiti viwili vya pamba vilikuwa vimelala juu ya meza ya fundi saa, kila kimoja juu ya bahasha yenye jina la mwenyewe, na Kilo alikuwa na kama dakika tatu za kuamua. Baba mdogo alikuwa uani akiongea kwa simu. Shoto, mdogo wake Kilo, alikuwa mbele ya duka akimhudumia mteja.

Karatasi ya maabara ilisema vijiti vikisuguliwa ndani ya shavu vikauke saa nzima kabla ya kufungiwa, na baba mdogo, mwalimu mstaafu, si mtu wa kuruka mstari. Tangu astaafu alilifuatilia jina la ukoo wao kama polisi anavyomfuatilia mwizi. Alikwisha kupata watu wa mbali wenye jina hilohilo, na sasa alitaka DNA za wanaume wote.

"Jina hupita kwa baba," alieleza, "na kuna kipande cha DNA nacho hupita kwa baba tu. Vikilingana, ukoo ni mmoja. Visipolingana, basi kuna mtu aliruka ukuta."

Akacheka. Kilo hakucheka.

Jina hilo lilikuwa juu ya mlango wa duka tangu enzi za babu, na babu aliacha neno moja: funguo ashike mzaliwa wa kwanza wa damu yake. Baba yao alipofariki, miaka sita iliyopita, alizishika Kilo. Lakini mtaani hawakumwita Kilo bure. Alizaliwa miezi saba baada ya harusi ya wazazi wake, akiwa na kilo nne kamili.

"Mtoto njiti gani huyo mwenye mashavu?" wanawake wa mtaa walitania mpaka akaota ndevu. Marehemu mama yake hakuwahi kuucheka utani huo hata siku moja, na hilo ndilo lililomnyima Kilo usingizi. Wasiwasi ndiyo akili, alijiambia. Kila asubuhi aliitafuta pua ya baba yake kwenye kioo asiione. Shoto alikuwa ameichukua yote.

Basi akanyoosha mkono. Kijiti chake, ambacho pamba yake ilielekea kulia, akakihamishia kwenye bahasha ya Shoto. Cha Shoto, kilichoelekea kushoto kama kila kitu alichokiweka Shoto kwa mkono wake wa kushoto, akakileta kwenye yake. Vidole vilivyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama havikuhitaji hata nusu dakika.

Hata hakuwahi kuketi. Shoto akaingia.

"Kaka, nenda wewe. Yule mteja anasema mimi haniamini, anamtaka fundi mkubwa."

Kilo akaenda. Mteja alikuwa na maneno mengi kuliko saa yake. Aliporudi, baba mdogo alikuwa anabandika bahasha na Shoto anaipanga meza, kila kibanio na kila gurudumu mahali pake. Hivyo ndivyo baba yao alivyowafunza: kila kitu kikae kilivyokaa, usije ukapotea njia ya kurudi. Shoto aliishika sheria hiyo hata kwenye kijiko cha chai.

Majibu yalichukua wiki sita. Wiki hizo Kilo alimshuku kila mtu. Baba mdogo akikohoa, alisikia fumbo. Shoto akitabasamu, alijiuliza anajua nini. Usiku mmoja aliona haya, akaapa kwamba likitokea la kutokea hatamfukuza mdogo wake. Atamwachia meza ya nyuma, ile ya karibu na dirisha.

Jumapili, duka likiwa limefungwa, baba mdogo alikuja na karatasi. Aliisoma kimya mara mbili, akavua miwani.

"Mimi, Shoto, na wale wa mbali, tumelingana. Bahasha yako, Kilo..." Aliikunja karatasi. "Bahasha yako haituhusu, mwanangu."

Kilo nusura aruke kwa furaha. Bahasha yake si ilikuwa na kijiti cha Shoto? Kumbe mgeni wa nyumba hii ni Shoto, pua na kila kitu! Miaka arobaini alijitesa bure. Yeye ndiye damu.

Kisha akauona mkono wa baba mdogo umenyooshwa mbele yake, kiganja juu.

"Funguo. Unisamehe. Si neno langu, ni la babu yako."

"Sitoi!" Kilo alizikumbatia kifuani. "Nilivibadilisha! Mmesikia? Siku ile, hapa hapa mezani, nilivibadilisha vijiti! Mlichopima kwa jina langu ni cha huyu. Mimi ndiye damu! Huyu hapa, mama alimwokota wapi, mimi sijui!"

Baba mdogo akakaa kitini taratibu. Ukutani saa thelathini zikaendelea kugonga, kila moja na wakati wake.

Shoto alikuwa akitazama sakafu. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Kaka," alisema, "niliporudi mezani siku ile, nilikuta kijiti kilichokuwa kwenye bahasha yangu kimeelekea kulia. Nikadhani umevigusa kwa bahati mbaya. Nikavirudisha."