Mapera ya Nyuma ya Jiwe

Gaudencia alikuwa akimalizia pera la pili alipouliza ni nani aliyepanda mipera kwenye kisiwa kisichokaliwa na mtu.

Ilikuwa mipera tisa, yote nyuma ya jiwe moja kubwa. Alitumwa kuandika jinsi kila mti ulivyofika huko, na kwenye daftari alishaandika: ndege.

Mzee aliyemleta kwa mtumbwi akatazama ziwa.

"Si ndege, madam. Wavuvi wanatoka Rukala wameshiba mapera, wanapumzika hapa. Upande ule wanapika. Huu nao..." Akakohoa. "Huu hakuna mtu hupikia."

Mbegu moja ilikuwa imenasa kwenye meno ya Gaudencia. Akaitoa kwa ulimi, akaiweka kiganjani, akaitazama sana.

Kisha akafuta "ndege", akaandika "wavuvi".

"Nichumie lingine, mzee. Lile kubwa."