Jambo Lililo Wazi

Sikitu Mbwilo alikuwa ameunda programu inayoigiza saketi za umeme ndani ya kompyuta na kuyasaka makosa ya saketi hizo kwa kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Kazi hiyo ilimla miaka tisa. Ofisi ya hataza ikamnyima haki ya uvumbuzi. Ni jambo lililo wazi, barua ilisema. Fundi yeyote angeunganisha nyaraka mbili za zamani akalipata. Alikata rufaa, akaitwa mbele ya mkaguzi, Bwana Tindwa.

"Nyaraka hizo zina miaka ishirini, mheshimiwa," alisema. "Kama ni wazi, mbona hakuna aliyeziunganisha?"

"Swali zuri. Hebu nichoree. Mimi nilisomea sheria, kwa hiyo twende polepole."

Sikitu alichora. Kila Tindwa alipokwama, alimtafutia mfano mwepesi zaidi, bila kuchoka. Hatimaye mkaguzi akapiga meza kwa furaha.

"Nimeelewa! Kumbe ndivyo!"

Sikitu akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu barua ile imfikie.

"Sasa, mama," Tindwa alisema, akiuvuta muhuri, "ikiwa mimi nimeelewa kwa dakika kumi, fundi je?" Akagonga. "Rufaa imekataliwa. Mchoro uache, utaingia kwenye jalada."

Sikitu alipofika kwenye ngazi alimsikia Tindwa akimweleza mwenzake uvumbuzi ule kwa majigambo. Tindwa alikosea hatua ya tatu ya mchoro, akarudia, akakosea tena. Sikitu alisimama, mkono ukutani, mguu mmoja umeshashuka.