Vidole Vitatu

"Huyo mama uliyemvuta kutoka kwenye mashine ni nani wako?" afisa wa kiwanda aliniuliza, fomu mbele yake.

"Si wangu."

Nilitazama bandeji. Vidole vitatu havikuwepo tena, na bado cha shahada kilikuwa kinaniwasha.

"Mzee, mageuzi ya viumbe yako wazi. Kiumbe hujihatarisha kwa damu yake, au kwa atakayemlipa fadhila. Akiwa ndugu, naandika uokoaji. Asipokuwa, ni uzembe, na kazi huna."

Nayajua mageuzi. Nimeyasoma mwenyewe, kitabu cha kuazima, mara mbili. Kinaeleza vizuri mkono ulivyopata vidole. Vilivyoondoka, hakisemi.

"Rafiki, basi?"

"Mwaka wa mgomo ndiye aliyewaletea ninyi wakubwa majina yetu tuliogoma. Miaka kumi na minne sijamsalimia."

Afisa akacheka. "Sasa ulitia mkono wa nini?"

Niliona kitambaa cha kichwa cha yule mama kinavutwa ndani ya mashine, mkono ukaenda.

Afisa akainama, akashusha sauti. "Sema ni shemeji yako, mzee wangu, yaishe."

"Andika si ndugu," nikamwambia, nikanyoosha mkono wa kushoto anipe kalamu nitie sahihi.