Bukuru Bila Butoyi

Kwenye orodha walikuwamo Bukuru saba. Butoyi hakuwamo hata mmoja.

"Bukuru wangu yumo," alisema Kankindi, mkulima wa Kanazi, akiwa ameshika dirisha la ofisi. "Pacha wake mmempeleka wapi?"

Ngara nzima inajua kwamba pacha wa kwanza ni Bukuru na anayemfuata ni Butoyi. Vyandarua vya watoto vilikuwa vinagawiwa Jumatatu, kwa orodha hiyo hiyo. Mtoto asiye na jina humo hana chandarua, na malaria ya mwaka huo haikuwa na mchezo.

Fabrice, kijana aliyetengeneza programu ya kuandikisha watoto, alijibu upesi mno. Alisema kosa ni la mchapaji, Mama Melania, anayeruka majina kwa uvivu. Akaongeza, mbele ya mtendaji na watu wote, kwamba huyu mama hushinda na daftari lake akinakili nyimbo za kwaya. Melania aliinamisha kichwa, akalikumbatia daftari lake. Mtendaji akamwambia aende nyumbani.

Watu walipotawanyika, Fabrice akaifungua programu yake.

Ilikuwa hivi. Ukiandika idadi ya watoto, visanduku vinajitokeza kwenye skrini: watoto watano, visanduku vitano. Melania alikuwa akivijaza vyote. Lakini ukibonyeza Hifadhi, programu ilisoma kisanduku cha kwanza tu. Vile vingine, vilivyotokea pale pale, haikujua hata kama vipo. Fabrice alikuwa ameijaribu kwa mtoto mmoja tu, ikakubali, akaridhika nayo.

Akakumbuka siku ya kwanza, Melania alipomwuliza, "Mwanangu, haya majina mengine yanaingia kweli?" Naye alicheka, akamwambia achape tu.

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Lakini aibu yenyewe haikumfungua mdomo. Majaribio yake ya kazi yalikuwa yanaisha mwezi huo, na mtendaji alikuwa hajasaini mkataba wake. Alirekebisha mistari minne ya programu, akafunga ofisi, akaenda zake.

Yakabaki majina yaliyopotea, zaidi ya mia tatu, na siku tatu tu kabla ya ugawaji. Asubuhi alipanda bodaboda mpaka Mabawe, nyumbani kwa Melania, akamkuta anapalilia maharage. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba bila kinyongo. Hapo ndipo akasema uongo alioupanga njiani: kwamba amemwombea msamaha kwa mtendaji, kosa lake limesamehewa, na sasa warudi pamoja kuzungukia kaya upya. Alisema yote hayo akiwa analitazama jembe. Alijichukia, na bado akaendelea kusema.

Melania akamshukuru kwa kumwombea. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na lile daftari.

"Hakuna haja ya kuzunguka," alisema. "Utachapa kutoka humu."

Kaya zote zilikuwamo, kwa wino wa bluu, kila Bukuru na Butoyi wake. Fabrice akarudisha kurasa hadi ukurasa wa mwanzo, wenye tarehe ya siku ya kwanza ya kazi, akasoma:

"Kompyuta inashika jina la kwanza tu. Nimemwuliza kijana, hakunielewa. Nitaandika yote humu, nimpe kabla ya ugawaji. Yuko kwenye majaribio, asiaibishwe mbele za watu."